Jobation si karipio la kazini

Jobation ni karipio refu: mtu anakukalisha chini na kukuchambulia makosa yako mpaka masikio yanachoka. Ni neno la Kiingereza la zamani, siku hizi ni nadra kulisikia. Maana yake ni hiyo tu. Linalowapotosha wengi ni asili yake.

Watu wakiona "job" mwanzoni huamua kwamba ni bosi anamfokea mfanyakazi. Sivyo. Job huyu ni Ayubu wa kwenye Biblia. Waingereza huandika jina lake kwa herufi zilezile za neno la kazi, ila hulitamka "joub". Kutokana na jina hilo, karne ya 17 walipata kitenzi jobe, yaani kukaripia, kisha kikabandikwa kiambishi cha Kilatini kama maneno ya wasomi. Kamusi ya misimu ya Francis Grose, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1785, inakitaja kitenzi hicho kuwa cha watu wa Cambridge. Waingereza wenyewe nao waliteleza: wengine walidhani asili ni jaw, taya, wakawa wanasema jawbation.

Kosa la pili ni kudhani Ayubu ndiye aliyekaripia, kumbe ndiye aliyekaripiwa. Rafiki zake Elifazi, Bildadi na Sofari walikuja kumfariji, wakakaa naye chini siku 7 mchana na usiku bila kusema neno. Alipoilaani siku aliyozaliwa, wakaanza. Tangu sura ya 4 wanapokezana na hoja ni ileile: umeteseka, basi umekosa, tubu. Duru ya tatu Bildadi anaishia mistari 6, Sofari hasemi kitu. Ungedhani yamekwisha, lakini kijana Elihu anadakia sura ya 32 na kuendelea mpaka ya 37. Mwishowe Mungu anamwambia Elifazi kwamba yeye na wenzake wawili hawakunena yaliyo sawa.

Basi jobation haihitaji urefu tu. Lazima awepo mtu mmoja anayelaumiwa, na msemaji ajione ana haki. Mzazi aliyemweka kijana sebuleni saa nzima akimhesabia makosa, hapo neno linafaa. Profesa mbele ya wanafunzi 200 anatoa mhadhara tu, si jobation, hata kama unachosha.