Je, wajua kwa nini mvuke wa Olkaria humwagwa usiku ilhali jioni stima haitoshi?

Ukikaribia Olkaria, penye mitambo ya umeme wa jotoardhi, yaani joto la chini ya ardhi, kusini mwa Ziwa Naivasha, saa tisa usiku utausikia mlio kabla hujaona chochote. Ni mvuke unaofoka kutoka kwenye mapipa makubwa ya kupunguzia kelele, juu ya visima vilivyochimbwa kilomita mbili au tatu kwenda chini. Mvuke huo ungeweza kuzungusha mtambo na kutoa umeme, lakini unaachiwa angani. Saa chache kabla, kati ya saa moja na saa nne usiku, mitambo ya mafuta mazito kule Pwani ilikuwa ikinguruma, na kuna jioni ambazo sehemu fulani za nchi huzimiwa stima kwa zamu ili gridi, yaani mtandao wa umeme wa nchi nzima, isianguke. Mwaka 2025 Rais William Ruto mwenyewe alikiri hadharani kwamba mgao huo wa jioni upo.

Hii ndiyo Kenya ambayo karibu asilimia 90 ya umeme wake hutokana na jotoardhi, maji, upepo na jua. Inawezaje kumwaga na kukosa ndani ya usiku mmoja?

Tuanze na hesabu. Februari 2025 mahitaji ya jioni yalipita megawati 2,300 kwa mara ya kwanza. Ni saa ambayo watu wamerudi nyumbani, taa zinawaka, televisheni na pasi ziko kazini, vinyozi na vibanda vya chipsi havijafungwa. Ikifika saa nane usiku, mahitaji hushuka hadi karibu nusu ya hapo. Sasa tazama upande wa pili. Mitambo ya jotoardhi peke yake ina uwezo wa takriban megawati 940. Upepo una zaidi ya 430, ambapo 310 ni za Ziwa Turkana, 100 za Kipeto kule Kajiado, na zilizobaki za Ngong. Jumlisha hivyo viwili na utaona vinakaribia au kupita chote kinachotumika usiku wa manane, hata kabla hujahesabu mabwawa ya Mto Tana, ambayo hayawezi kuzimwa yote kwa sababu ndiyo yanayosaidia kuituliza gridi.

Isitoshe, upepo wa Turkana una tabia yake. Huvuma kwa nguvu usiku na alfajiri, kisha hulegea mchana. Yaani unakuja kwa wingi saa ambazo watu wamelala.

Umeme hauwekwi ghalani hivi hivi. Unaozalishwa sekunde hii lazima utumike sekunde hii, la sivyo masafa ya gridi, yaani kasi ya mapigo ya umeme, hupanda, na yakipanda mno mitambo hujizima yenyewe kwa usalama wake. Kwa hiyo kila usiku wahandisi wa kudhibiti gridi wana swali moja mezani: nani apunguze? Mitambo ya mafuta imeshazimwa, na ya maji imeshushwa hadi chini kabisa. Wanabaki wawili, upepo na mvuke, na mara nyingi anayeambiwa apunguze ni mvuke.

Mtu atauliza, si wafunge tu kisima hadi asubuhi? Kisima cha mvuke si bomba la jikoni. Ndani yake kuna mabomba ya chuma yaliyoshikizwa kwenye mwamba kwa saruji, na kinachopita humo ni maji na mvuke wa nyuzi zaidi ya 200. Chuma kikipata moto hurefuka, kikipoa hufupika. Ukikifunga kisima usiku na kukifungua asubuhi, halafu ukarudia hivyo mwezi baada ya mwezi, saruji hupasuka na chuma huchoka. Pia maji ya chini ya ardhi yamebeba madini, hasa silika, ambayo hupenda kuganda kwenye kuta za mabomba mwendo na joto vinapobadilika. Kisima kimoja hugharimu mamia ya mamilioni ya shilingi kukichimba, na hakuna anayetaka kukiua ili kuokoa mvuke wa muda wa saa tano. Basi kisima huachwa wazi, mtambo unapunguzwa, valvu inageuzwa, na mvuke unaelekezwa kwenye yale mapipa. Asubuhi viwanda vikiamka valvu inarudishwa.

Hiyo ndiyo sababu ya kiufundi. Ipo nyingine ya karatasi, na kwa maoni yangu ndiyo nzito zaidi. Mkataba wa umeme wa Ziwa Turkana uliandikwa hivi: upepo ukiwepo na mitambo ikiwa tayari, Kenya Power, kampuni inayowauzia wateja umeme, inalipa, iuchukue umeme huo au isiuchukue. Si jambo la ajabu, kwani mwekezaji anayekopa mabilioni kujenga mitambo 365 huko Loiyangalani hataki kusikia kwamba mteja amelala. Lakini matokeo yake ni kwamba kuukataa upepo ni kulipia kitu ambacho hukukitumia. Ukishalipia upepo, ni afadhali uutumie na umwage mvuke, hata kama mvuke ndio tegemeo la kila siku, usiojali kiangazi wala mawingu.

Mkataba huohuo ulikuwa umekwisha kuiuma nchi. Mitambo ya Loiyangalani ilikuwa imesimama tayari mwaka 2017, lakini laini ya kilomita 428 ya kuleta umeme hadi kituo kikubwa cha umeme cha Suswa ilikuwa haijaisha, na kampuni ya Uhispania iliyopewa kazi hiyo ilifilisika njiani. Umeme ulianza kuingia gridi mwaka 2018. Kwa muda wote wa kungoja, mapanga ya upepo yalisimama na faini ikahesabiwa kwa mabilioni ya shilingi, ambayo mwishowe yaliingia kwenye bili za wateja. Na laini yenyewe, ya kilovolti 400, iliwapita juu ya vichwa watu wengi wa kaskazini bila kuwashushia chochote, maana kushusha umeme wa nguvu hiyo kwa ajili ya mji mdogo ni ghali. Kwa miaka mji wa Marsabit uliendelea kuwashwa kwa jenereta za dizeli, upepo ukizungusha mapanga ndani ya kaunti hiyohiyo.

Sasa turudi jioni. Saa moja usiku jua limekwisha kuzama, kwa hiyo paneli za jua hazina msaada. Upepo bado haujashika kasi yake ya usiku. Jotoardhi iko kwenye ukomo wake, kwani mvuke uliomwagwa jana hauwezi kuombwa urudi. Linalobaki ni maji, na mabwawa ya Masinga hadi Kiambere hutegemea mvua. Mwaka wa ukame, bwawa la Masinga likishuka, pengo huzibwa na mafuta na umeme wa majirani. Tangu Novemba 2022 Kenya inanunua megawati 200 kutoka Ethiopia kwa laini ndefu ya kilomita 1,045 inayoishia Suswa, na mwishoni mwa 2024 gridi yake iliunganishwa na ya Tanzania. Hata hivyo umeme unaweza kuwepo Suswa usifike Kisumu, kwa sababu laini za kuelekea magharibi huzidiwa saa hizo. Mpango wa kumpa kampuni ya Adani ya India kazi ya kujenga laini mpya ulifutwa Novemba 2024, baada ya wenye kampuni kushtakiwa Marekani, na miezi ya kutafuta mjenzi mwingine ikaanza upya. Wanasiasa hupenda kufungua mitambo. Sijaona wengi wakikata utepe wa nguzo za waya.

Yapo yanayofanyika. Tangu Desemba 2017 viwanda hupewa umeme wa usiku kwa nusu bei, ingawa mwanzoni sharti lilikuwa kiwanda kivuke kwanza kiwango chake cha zamani cha matumizi, na wengi walishindwa kunufaika. Mwaka 2023 bei maalumu ya magari ya umeme ilianzishwa, shilingi 16 kwa yuniti saa za kawaida na 8 usiku, kabla ya kodi na nyongeza nyingine. Bei hiyo ndiyo inayofanya mabasi ya umeme ya Nairobi yachajiwe wakati abiria wamelala, na kila basi lililochomekwa saa nane usiku ni mvuke kidogo usiomwagwa. Kuna pia mradi wa KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, wa betri za megawati 100, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ambazo zikija zitanunua umeme wa saa tisa usiku na kuutoa saa mbili jioni inayofuata. Wengine hawangojei hata umeme: shamba la maua la Oserian, jirani na Olkaria, lilitumia joto la kisima kupasha nyumba zake za maua kwa miaka mingi, na kule Menengai, eneo jingine la jotoardhi, joto hilo limejaribiwa kukaushia nafaka na kuchemshia maziwa.

Anayekosekana katika mpango huu wote ni mteja wa nyumbani. Bei ya yuniti kwake hutegemea ametumia kiasi gani kwa mwezi: hadi 30, hadi 100, au zaidi. Haitegemei saa. Mama anayepiga pasi sare za shule saa mbili jioni, wakati mitambo ya Pwani inachoma mafuta, hulipa sawasawa na anayeamka kuzipiga saa kumi alfajiri wakati Olkaria wanamwaga. Mita yake ya tokeni haitofautishi saa hizo mbili, na mpaka sasa hakuna aliyempa sababu ya kuamka.