Mapengo ya herufi za stenseli hayakuanza kama pambo

Ukipita kwa mafundi wa mabango Mwanjelwa, Mbeya, utasikia kwamba herufi nene zenye mapengo ni za kijeshi na mapengo ni madoido tu. Sivyo. Stenseli ni bati lililokatwa herufi, unapaka rangi kupitia matundu yake. Kata O kwenye bati: duara la katikati linadondoka, unabaki na tundu. Vidaraja, yaani vipande vya bati visivyokatwa, ndivyo vinavyolishikilia, na ndivyo vinavyoacha mapengo. I na L hazivihitaji (wabunifu huzipasua hata hizo ili zilingane na nyingine). Wala jeshi halikuanzisha mtindo huu: Ufaransa ya karne ya 17 tayari ilipaka kwa bati maandishi ya vitabu vya kwaya. Wabunifu wa herufi Gerry Powell na Hunter Middleton wa Marekani walitoa herufi zao za kuchapia za mtindo huu mwaka 1937. Kwenye bango la kompyuta, hapo sawa, pengo ni urembo. Kwenye gunia la kahawa la Mbozi, ni lazima.