Kiboko akiingia kwa shamba yako bado si nyama yako

Kuna ile meseji huzunguka kwa magrupu za WhatsApp hapa Kisumu, ati mnyama wa porini akishavuka ua lako ni wako, muue mgawane nyama na majirani. Si kweli jamani. Kenya ilipiga marufuku uwindaji 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haijali ploti ni ya nani, kupatikana tu na hiyo nyama kwa sufuria ni kosa, hata kama si wewe uliua.

Nadhani watu huchanganya na fidia. Sheria hiyohiyo inasema mnyama akiumiza mtu ama akiharibu mimea unaweza kuomba kulipwa (malipo huchelewa, hiyo tunajua), sasa mtu anasikia "utalipwa" anaelewa "ni wako". Kiboko akitoka ziwani usiku akakanyaga sukuma yako pale Dunga, usifagie zile nyayo za vidole vinne, piga picha, ripoti kwa maafisa wa wanyamapori.

Mwenye ana shaka asome sheria yenyewe, iko bure kwa intaneti, ama aulize chifu. Na hiyo meseji ikikufikia tena tafadhali usiifowadi, mjibu tu polepole aliyeituma.