Hipnotherapia baada ya operesheni ya uzazi, jamani msiache dawa!

Mama mwingine tena wiki hii, kajifungua kwa operesheni, vidonge kaviacha kwenye pakti eti "mimi dada nafanya hipnotherapia", yaani tiba ya hipnosisi, ile ya kuongozwa kwa maneno mpaka utulie na kuzamisha akili kwenye kitu kimoja. Hii dhana kwamba hipnosisi inatosha bila dawa ndo inayonichosha kuliko zote, na wapo wenzangu wa fani hii hii ya hipnotherapia wanaoieneza ili wauze kozi.

Sikilizeni. Umekatwa kuanzia ngozi mpaka mfuko wa uzazi, ganzi ya mgongo ikiisha lazima usikie maumivu. Hipnosisi haitibu mshono, inachobadilisha ni vile ubongo unavyoyapokea maumivu. Mwaka 1997 mtafiti Pierre Rainville na wenzake waliwaweka watu mikono kwenye maji ya moto yanayouma huku wakiwaongoza kwa hipnosisi, picha za ubongo zikaonyesha sehemu inayohusika na ile karaha ya maumivu ndo imebadilika, ila ile inayopokea taarifa za mwili iliendelea na kazi yake kama kawaida. Kwahiyo karaha inapungua lakini kidonda bado kipo! Meza paracetamol yako, na ibuprofeni kama daktari hajakukataza, kwa saa zake, usisubiri mpaka ung'ate meno kwa maumivu. Na msiniambie habari ya maziwa, zote mbili zinaingia kwenye maziwa kidogo mno na unaruhusiwa kunyonyesha. Mzazi mwenye maumivu haamki kutembea, na usipotembea baada ya operesheni unajiongezea hatari ya damu kuganda miguuni, hapo ndo utajua hujui.

Eti utalala usijue kinachoendelea? Hamna, mtoto akilia unamsikia na unaamka. Kule Liège, Ubelgiji, tangu 1992 wanapasua watu kwa hipnosisi mgonjwa akiwa macho, na hata wao wanachoma ganzi na kutoa dawa kidogo ya kutuliza, hawajatupa dawa.

Eti hipnosisi ni mashetani, mazingaombwe? Chama cha madaktari Uingereza kiliikubali kwa maumivu tangu 1955, tuendelee.

Inamkubali kila mtu? Hapana. Wengine inawaingia haraka, wengine hata ufanyeje, na tafiti za baada ya operesheni ya uzazi bado ni chache na ndogo, anayekuahidi makubwa mkimbie. Ila anza mazoezi ya hipnosisi tumbo likiwa bado lipo, usisubiri wodini.

Zoezi ninalolipenda mimi ni hili: dawa ikishaanza kufanya kazi, mlaze mtoto ubavuni mwako, miguu yake iende nyuma ili asikupige mshono, toa pumzi taratibu, fikiria mkono wako umezama kwenye maji baridi ya mtungi mpaka umekufa ganzi, halafu uweke juu ya tumbo uache ule ubaridi uhamie pale. Lakini kama maumivu yanazidi siku zinavyoenda, una homa, au mshono unatoa usaha, acha mtungi nenda hospitali.