Radiolisisi ya maji: joto silo linaloyavunja

Mjadala wa kujenga kinu cha nyuklia Kilifi umetuletea istilahi nyingi kwa mpigo, na mojawapo, radiolisisi ya maji, inapotoshwa kila kukicha. Utaambiwa kwamba maji ya kinu yakipata moto kupita kiasi huvunjika yakawa hidrojeni na oksijeni. Sivyo.

Radiolisisi ni kuvunjika kwa molekuli za maji kwa nishati ya mionzi, iwe ya gama, nyutroni au alfa. Mionzi hung'oa elektroni kwenye molekuli, na kufumba na kufumbua unabaki na vipande vyenye hamu kubwa ya kuungana na chochote: elektroni iliyozingirwa na maji, atomu ya hidrojeni, radikali ya OH (atomu moja ya oksijeni na moja ya hidrojeni zilizoshikana). Pembeni yake hupatikana gesi ya hidrojeni na peroksidi ya hidrojeni, ambayo ikivunjika hutoa oksijeni.

Sasa hilo la joto. Katika vinu vya maji ya shinikizo, maji huzunguka yakiwa na nyuzi 300 hivi za Selsiasi, na shinikizo lake, takriban mara 150 ya lile la hewa tunayovuta, ndilo linaloyazuia yasichemke. Kwa nyuzi 300 peke yake maji hayavunjiki kwa kiasi cha maana. Joto lingehitaji kupita nyuzi 2,000 ndipo lifanye kazi hiyo. Mionzi haisubiri joto. Huvunja maji hata katika bwawa la kuhifadhia fueli iliyokwisha kutumika, ambako maji ni ya uvuguvugu tu.

Joto lina kazi nyingine, na hapo ndipo utamu wa somo ulipo. Vipande huzaliwa vikiwa vimesongamana katika vikundi vidogo mno. Vikikutana palepale, vinarudi kuwa maji, au vinakuwa hidrojeni na peroksidi. Maji yakiwa ya moto, vipande husambaa upesi na vingi zaidi huponyoka kabla ya kukutana. Ndiyo maana kwa kila elektronivolti 100 (kipimo kidogo mno cha nishati) za gama zinazofyonzwa, radikali za OH zinazoponyoka ni kama 2.7 katika joto la chumba, lakini hupita 4 kwenye nyuzi 300, huku peroksidi ikipungua. Nje ya vikundi hivyo kila mmenyuko una mwendo wake. Mingi huongeza kasi joto linapopanda, ila si yote: elektroni mbili zinapokutana katika maji ya alkali, kasi hupanda hadi karibu nyuzi 150, kisha hushuka. Mtu akichukua vipimo vya nyuzi 25 na kunyoosha mstari hadi 300, atapotea.

Kwa hiyo modeli ya radiolisisi, yaani hesabu ya kukadiria kinachotokea ndani ya maji hayo, ni makumi ya milinganyo inayokokotolewa kwa pamoja, kila mmoja na kasi yake kwa joto husika. Jibu lake ni kile kilichobaki baada ya vipande kuvunjika na kuungana tena, wala si idadi ya molekuli zilizovunjika. Wengi husahau upande wa kuungana. Hidrojeni iliyoyeyuka majini huikamata OH, wanatoka na maji na atomu moja ya hidrojeni. Atomu hiyo huivunja peroksidi na kuzaa OH nyingine, na mnyororo unaendelea. Waendeshaji wa vinu huongeza hidrojeni makusudi, sentimita za ujazo 25 hadi 50 kwa kila kilo ya maji, ili oksijeni isipate nafasi ya kula chuma.

Kusahau huko kuliwahi kutia watu hofu kubwa. Baada ya ajali ya Three Mile Island, Pennsylvania, Machi 1979, kiputo cha hidrojeni kilijikusanya juu ya kiini cha kinu. Wataalamu wa tume ya nyuklia ya Marekani walihofia kwamba radiolisisi ingekuwa inaongeza oksijeni humo hadi kiputo kilipuke. Aprili 1, siku Rais Carter alipofika pale kinuni, ilikuwa inabainika kwamba hesabu hiyo haikuwa sahihi: hidrojeni tele iliyokuwa ndani ilikuwa ikiimeza oksijeni kabla haijajikusanya. Hatari ya mlipuko humo ndani haikuwepo, na watu walikuwa wamekwisha kuhama makwao kwa maelfu.

Ndiyo sababu namwomba anayeitaja ajali ya kinu cha Fukushima, Japani, kama mfano wa radiolisisi aangalie tena. Hidrojeni iliyolipua majengo ya vinu mwaka 2011 ilitokana hasa na mvuke kukutana na zirkoniamu ya moto iliyofunika fueli. Zirkoniamu ilinyang'anya maji oksijeni yake na kuiacha hidrojeni ikiwa huru. Hapo, kwa kweli, joto lilihusika, lakini lilihitaji metali ya kushirikiana nayo, na huo ni uoksidishaji wa zirkoniamu.