Waya wa umeme ndani ya ubongo kwa sonona sugu: dhana potofu na ukweli

Dhana: Waya huu wa kutibu sonona sugu, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa usiosikia dawa, ni ile shoti ya umeme ya hospitali za magonjwa ya akili.
Shoti, yaani ECT, hupitishwa kichwani kwa sekunde chache mgonjwa akiwa kwenye nusukaputi, na lengo lake ni kuleta degedege fupi. Haihitaji kisu. Usisimuaji wa kina wa ubongo, ambao madaktari huuita DBS, ni upasuaji. Fuvu hutobolewa, na waya wenye unene wa milimita 1.3 hivi hushushwa kila upande hadi sehemu iliyolengwa. Kwenye ncha ya kila waya mara nyingi kuna pete 4 za kupitisha umeme. Nyaya hupita chini ya ngozi nyuma ya sikio na kushuka shingoni hadi kwenye mashine ndogo ya betri iliyopandikizwa chini ya mtulinga. Mara nyingi mapigo huwa 130 kwa sekunde, usiku na mchana, na hakuna degedege linalotakiwa.

Dhana: Mgonjwa hukatwa sehemu ya ubongo.
Hapana. Mashine inaweza kuzimwa, na nyaya zinaweza kutolewa.

Dhana: Ikiwashwa tu, sonona inaondoka.
Dhana hii ina chanzo. Mwaka 2005, timu ya Helen Mayberg na Andres Lozano mjini Toronto ilichapisha matokeo ya wagonjwa 6. Wengine walihisi utulivu wa ghafla wakiwa bado chumba cha upasuaji. Lakini hisia hiyo ya mwanzo siyo kupona. Baada ya miezi 6, wanne kati yao walikuwa na nafuu kubwa, na ilipatikana baada ya marekebisho ya mara kwa mara: pete ipi itumike, umeme kiasi gani. Ukizidishwa, kutegemea sehemu iliyolengwa, mtu anaweza kuwa na wasiwasi, kukosa usingizi au kuchangamka kupita kiasi.

Dhana: Majaribio yalishindwa, basi haifai.
Hapa tusome takwimu kwa makini. Katika jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa 2017, wagonjwa 90 wote waliwekewa nyaya, ila 30 mashine zao hazikuwashwa kwa miezi 6 ya kwanza. Waliopata nafuu walikuwa asilimia 20 kwa waliowashiwa, na 17 kwa wasiowashiwa. Hiyo si tofauti, na hakuna sababu ya kuificha. Hata hivyo, baada ya miaka 2 ya kuwashiwa, karibu nusu walikuwa na nafuu, ingawa kufikia hapo halikuwepo tena kundi la kulinganisha. Watafiti wa Amsterdam, Uholanzi, walitumia mpangilio tofauti: walirekebisha mashine kwanza, hadi wiki 52, ndipo wakapima. Kati ya wagonjwa 25, kumi walipata nafuu. Kisha 16 walipimwa mashine ikiwashwa na kuzimwa bila wao kujua ni lini, na dalili zilikuwa kali zaidi ilipozimwa. Kwa maoni yetu, miezi 6 ilikuwa mifupi mno. Bado DBS kwa sonona ni tiba ya utafiti, na anayeiuza kama tiba ya kawaida anapotosha watu walio katika hali dhaifu.

Dhana: Aliyechoka na vidonge anaweza kuiomba.
Kwa kawaida tafiti hudai angalau tiba 4 zilizoshindwa, kila dawa ikiwa imetumiwa kwa dozi ya kutosha kwa wiki 6 hivi au zaidi, pamoja na tiba ya mazungumzo na mara nyingi ECT. Wengi wanaoambiwa sonona yao ni sugu hawakuwahi kufikishwa kwenye dozi kamili. Hilo lichunguzwe kabla ya kisu, kwa sababu upasuaji una hatari ya damu kuvuja kwenye ubongo na ya maambukizi kuzunguka betri.

Dhana: Baada ya upasuaji kazi imekwisha.
Betri ya aina isiyoweza kuchajiwa hudumu miaka michache tu, kisha hubadilishwa kwa upasuaji mdogo. Kila kipimo cha MRI lazima kipangwe na wataalamu wanaoijua mashine hiyo. Matibabu ya joto la mawimbi ya umeme, yanayotumiwa na baadhi ya watoa fiziotherapia, yamekatazwa kabisa, kwani yanaweza kuunguza ubongo kwenye ncha za waya. Betri ikiisha ghafla, sonona inaweza kurudi ndani ya siku au wiki, pamoja na mawazo ya kujiua. Familia ifundishwe kukagua betri kwa rimoti, na ikikuta mashine imezimika, ipige simu kliniki siku hiyohiyo na isimwache mgonjwa peke yake.