Chaku "imekaa" kwenye mashine ya kukereza, maana yake nini hasa

Fundi akisema chaku, kile kishikio chenye meno kinachobana chuma cha kukereza, imekaa hasemi imekazwa. Anasema uso wa nyuma wa chaku umegusana na uso wa spindo (mhimili unaoizungusha) mzunguko wote, chuma kwa chuma, katikati hakuna kitu. Haya mawili watu wanayachanganya sana, unaweza kukaza mpaka kiganja kikauma na chaku bado haijakaa, kumbe kichenga kimoja cha chuma kimebanwa nyuma na we hukioni.

Angalia hesabu yake. Uso unaogusana tuseme una upana wa milimita 100, upande mmoja kuna uchafu wa 0.05, chaku inainama, pale karibu na meno huoni kitu ila milimita 200 mbele shafti ishatoka kati kwa 0.1 na geji (saa ya kupimia mchezo) inacheza 0.2. Huku Lamu tunakereza shafti za boti, na shafti ukiimaliza yote bila kuifungua itatoka duara safi tu, balaa ni pale unapoigeuza kushika upande wa pili, ncha mbili zinakuwa haziko mstari mmoja, boti inatetemeka na bushi zinalika upande.

Kwa hivo kazi kubwa ni usafi. Hewa ya bahari hapa inatia kutu haraka, spindo ikiachwa wazi usiku asubuhi ina rangi ya chai. Pangusa kwa kitambaa kikavu alafu pitisha kidole pole pole kwenye uso, kwenye koni na pembeni ya matundu, kidole kinaskia nundu ambayo jicho halioni. Ukikuta nundu isawazishe kwa jiwe laini la mafuta, tupa ya kusugulia chuma usiilete hapo kabisa. Mafuta ya kupaka yawe kiasi cha kung'aa tu.

Spindo za kufuli la kamu, yaani vifungo vya kuzungusha kwa ufunguo vinavyonasa pini za nyuma ya chaku, ndo zinasumbua wengi. Chaku inashika kwa koni fupi na kwa uso, vyote viwili pamoja, na zile pini ndo zinaivuta ndani. Kila kamu ina alama, ikikaza lazima isimame katikati ya alama mbili za V. Ikikaza kabla haijafika V ya kwanza, pini imeingia sana kwenye chaku, itoe mzunguko mmoja, na ikipita V ya pili irudishe ndani mzunguko mmoja. Kaza kidogo kidogo kwa zamu, ukimaliza zunguka tena, usimalize moja kwanza.

Spindo za nyuzi, zile chaku inazungushwa kuingia kama nati, ni rahisi, ingiza kwa mkono wala sio kwa mota, ila usizungushe kinyume kwa kasi, chaku itajifungua yenyewe.

Kujua kama imekaa kweli, paka wino mwembamba wa bluu wa mafundi, ule usiokauka, kwenye koni na uso wa spindo, funga, fungua, tazama wino umehamia wapi. Ukihamia upande mmoja tu, rudi kwenye kitambaa. Alafu weka geji kwenye mwili wa chaku. Usipime kwenye shafti ukailaumu spindo, sababu chaku ya meno matatu hata ikikaa vizuri yenyewe yaweza kutoka kati 0.05 mpaka 0.1.

Na kabla ya yote hayo zima swichi ya ukutani, weka ubao juu ya kitanda cha mashine, chaku ya milimita 200 ikiponyoka inavunja vidole na inachimba reli.